Kokwa Iliyobaki Nje ya Kopo

Mama mkwe wangu hajui kusoma, lakini hesabu ya maisha yake anayo chini ya kitanda, ndani ya kopo la maziwa ya unga. Kila bibi harusi aliyemwimbia ni kokwa moja ya ngazi, tunda la mchikichi, iliyokaushwa juani na kusuguliwa mpaka ikang'aa. Miaka arobaini na minane ameimba, toka Wamaza mpaka Kasongo upande huu na mpaka Kabambare upande ule, kwa Wakristo na kwa Waislamu, kwa wenye bati na kwa wenye nyasi. Miaka ya vita harusi zilikuwa chache, hata hivyo kopo lilijaa. Ukimtaja Ernestine wa Wamaza popote kwenye barabara ile, hata mwenye pikipiki aliyekuwa anataka kukulangua atapunguza bei. Nimejaribu mwenyewe, kwa hiyo asinibishie mtu.

Mimi ni Sidonie, mke wa mwanawe Michel. Nina hasira za karibu, na nalisema mwenyewe kabla jirani hawajalisema. Ila katika jambo la mama huyu sina hasira, nina majivuno, na leo nitajivuna mpaka mwisho.

Kazi yake ni hii. Msichana anapotolewa kwao siku ya harusi, Mama Ernestine husimama mlangoni na kumwimbia wimbo ulio wake peke yake, ambao hajaimbiwa mwingine na hataimbiwa mwingine. Hautungi hewani. Wiki nzima kabla ya harusi huenda kukaa jikoni kwa kina bibi harusi, anachambua sombe, majani ya muhogo, pamoja nao, anatazama na kunyamaza. Anajua nani mvivu wa kuamka, nani analia kwa kujificha, nani anaunguza chakula kwa sababu ya maneno mengi. Yote yanaingia katika wimbo, lakini kwa namna ambayo aliyetaniwa anaondoka mgongo umenyooka na wajomba zake wanafuta machozi. Malipo ni kuku na kitenge.

Desturi ya wimbo huo aliirithi kwa bibi yake, pamoja na sharti moja. Wimbo unakwenda na mwenyewe. Huko kwa mume aimbe apendavyo, akitwanga, akifua, akibembeleza mtoto. Lakini mbele ya aliyempa asiuimbe kamwe, wala asiutaje. Kuuimba mbele ya Mama Ernestine kuna maana moja tu: ndoa imekufa, nimerudi, pokea wimbo wako. Mwanamke aliyeachika huja uani kwetu, husimama, huimba mpaka mwisho. Mama humsikiliza, humpa maji ya kunywa, kisha hutoa kokwa moja katika kopo kubwa na kuitia katika kopo dogo lililokuwa la nyanya. Katika kopo dogo mna kokwa thelathini na moja.

Sasa fikirini. Mtu ametunga nyimbo karibu mia tatu, na alizozisikia zikirudi kwake ni thelathini na moja, zote za machozi. Akipita mtoni, wanawake waliokuwa wanaimba wananyamaza. Akiingia sokoni, mwenye kuvumisha wimbo anafunga mdomo. Wanaogopa, kwa sababu nani anataka kujiachisha kwa bahati mbaya mbele ya nyanya na vitunguu? Lakini yeye alihesabu ule ukimya kwa namna nyingine. Aliamini kwamba wimbo ukishatoka mlangoni unakufa, kwamba wanausahau kabla vumbi la harusi halijatua.

"Mama, wanaimba," nilimwambia mara nyingi. "Mimi ninasikia kila siku kule mutoni."

"Mwanangu, unasema vile juu unataka nifurahi," alinijibu. "Na miye iko na masikio. Sijasikia hata moja."

Wahenga walisema mfinyanzi hulia gaeni. Mama yangu huyu aligawa vyungu vizuri nchi nzima, akabaki na kigae.

Niseme na yangu, maana bila hiyo hamtaelewa. Kwetu ni upande wa Kabambare. Wazazi wangu walimwita Mama Ernestine aje aniimbie, kama kila mtu, na huku ndiye aliyekuwa mama wa bwana harusi. Hakuona tatizo. Alikula kuku kwetu, akaniimbia kunitoa, akakimbia njia ya mkato, na nilipofika Wamaza nilimkuta mlangoni amevaa kitenge kingine, anakula kuku wa pili, ananipokea. Wimbo alionitolea huu hapa. Ninauandika, kuandika si kuimba.

Sidonie, mwana wa Kabambare,
chungu kinachochemka kabla ya moto,
tunakubeba kwa mikono miwili
tusikumwage njiani.
Huko uendako wana njaa,
lakini watangoja upoe.

Kila mwanamke aliyeimbiwa anaweza kuimba wimbo wake nyumbani kwake. Mimi peke yangu siwezi, kwa kuwa nyumbani kwangu ndiko anakokaa aliyenipa. Miaka ishirini na miwili nimekaa na wimbo wangu kama mtu aliyekaa na pipi mdomoni akakatazwa kumumunya. Nilikuwa nauimba shambani kwetu ng'ambo ya mto, ambako Mama hafiki, nikilima karanga. Michel alikuwa analima mbele yangu, mgongo wake umenielekea. Michel ni fundi baiskeli, mtu wa maneno matatu kwa siku, na mawili kati yake ni "leta" na "shika". Nilidhani hasikii.

Mara moja tu nilitaka kuuimba nyumbani. Ilikuwa mwaka wa pili wa ndoa. Mama aliniambia mbele ya wageni kwamba sombe yangu inafaa mbuzi. Damu ilinipanda. Nilifunga nguo zangu katika kitenge, nikaja nikasimama mbele yake pale uani, nikafungua mdomo. "Sidonie, mwana wa..." Nilifika hapo tu. Aliruka kutoka kitini, mwanamke yule mnene, akanifunika mdomo kwa kiganja.

"Usiimbe," alisema. "Kama unaenda, enda bubu. Lakini usinirudishie. Mbuzi naye ni mutu wa Mungu, atakula sombe yako, na miye nitakula pamoja naye."

Wageni walicheka, na mimi kwa hasira zote zile nilicheka ndani ya kiganja chake. Nikafungua nguo zangu. Miaka baadaye nilimuuliza, "Mama, kokwa yangu iko mu kopo gani?" Akasema, "Iko mahali yake." Sikuuliza tena.

Rovu lilianza kama yai la njiwa shingoni mwa Mama, miaka sita iliyopita. Likawa yai la kuku. Mwaka jana lilikuwa limefika ukubwa wa ngumi, na akilala chali pumzi inapiga filimbi. Aliendelea kuimba, lakini alikuwa akipumzika katikati ya mstari, na watu wakadhani ni ufundi. Nikimwambia twende hospitali ananijibu kwa methali: "Ng'ombe haelemewi na nundu yake." Nikamwambia nundu ya ng'ombe iko mgongoni, haiko kooni. Akanuna siku mbili.

Basi ikasikika kwamba daktari mpasuaji amekuja Kasongo kutoka Kindu, naye atakaa siku chache tu. Sikumwomba ruhusa mtu. Nilimwita Pitchou, mwenye pikipiki wa hapo Wamaza, nikamweka Mama katikati, mimi nyuma namshika kiuno, tukaenda. Michel alibaki na shamba. Mama alikubali kwa sababu alidhani anakwenda kupewa dawa ya kumeza. Alibeba makopo yake yote mawili katika kikapu, kama wengine wanavyobeba kitabu cha sala. Barabara ile mnaijua. Tulishuka kusukuma mara nne, na kila kijiji Pitchou alipopunguza mwendo, wanawake walitoka kusalimia, "Mama Ernestine! Mama Ernestine!" na yule aliyekuwa anatwanga akiimba alinyamaza.

"Umeona?" aliniambia. "Jina wanajua. Wimbo, hapana."

Daktari aliitwa Yves, kijana mpole mwenye miwani. Alimshika shingo kwa vidole viwili, akamwambia ameze mate, akamwambia apumue. Kisha akasema wazi.

"Mama, hii rovu inafinya njia ya pumuzi. Tukingoja mwaka moja tena, watakuleta hapa kwa machela ao hawatakuleta kabisa. Ninaweza kuitoa. Nitakuwa hapa siku tatu."

"Na sauti?" aliuliza Mama.

"Sauti iko karibu sana na kisu. Siwezi kukudanganya. Inaweza kubaki, inaweza kuenda."

Mama alijifunika kitenge vizuri, akasimama. "Basi asante, dokta. Turudi nyumbani, Mama Malaika." Akinikasirikia huniita kwa jina la binti yangu.

Nilimfuata nje nikimpigia kelele. Sioni haya kusema. Nilimwambia ni mkaidi, kwamba anataka kutuachia maiti kwa ajili ya sauti, kwamba Malaika anamhitaji, kwamba Michel atakufa naye. Alikaa kwenye kibaraza cha hospitali, akafungua kikapu, akaweka makopo yake mawili chini mbele yangu.

"Sikia," alisema, na kwa mara ya kwanza nilimwona ana hofu. "Nyimbo yangu haiko kwa mutu. Iko mu hii koo tu. Dokta akikata koo, amezika yote. Sauti ikienda, mi nabaki na nini?" Alisukuma kopo la nyanya kwa kidole cha mguu. "Nabaki na hii moja tu. Wenye kurudi."

Nilikosa neno, na mimi kukosa neno ni habari ya kutangaza redioni.

Tulifikia kwa Asma, ambaye mumewe Mahamudu ana duka la mchele, sukari na sabuni karibu na soko. Mama alimwimbia Asma miaka kumi na tisa iliyopita. Hata humo ndani shida ilikuwa ileile: Asma alikuwa jikoni anavumisha wimbo, Mama akaingia, Asma akakatika kama redio iliyokwisha betri, akaanza kuuliza habari za karanga. Mama alinitazama.

Jioni ile nilipata akili ambayo niliiona kubwa. Nilichukua simu yangu nikamwendea Asma nyuma ya nyumba. Nikamwambia, imba humu ndani, nimpelekee Mama asikie, wewe mwenyewe hutakuwapo. Asma alikaribia kunipiga kwa mwiko.

"Sauti yangu si ni miye?" alifoka. "Unataka niamuke kesho Mahamudu si mume wangu? Toka hapa na simu yako!"

Nikatoka. Siku ya kwanza ikaisha hivyo.

Asubuhi yake nilikwenda dukani kununua sabuni ya kumfulia Mama. Mahamudu alikuwa anapima mchele kwa kikombe, amenipa mgongo, kofia yake nyeupe imeegemea sikio, na alikuwa anaimba. Anaimba kwa pua, bila kujijua, kama mtu anayejikuna.

Asma, usigeuke nyuma,
kuku wa mama wamekwisha kulala.
Mlango wa kwenu tumeufunga polepole,
wa kwako uko wazi,
na wewe unayepotea hata sokoni, huu hutaukosa.

Nilisahau sabuni. "Shemeji," nikasema, "hiyo wimbo umetoa wapi?"

"Wimbo gani?" Alishtuka, akaangalia kama kuna wateja. "Aa, hiyo? Ni ya mama watoto. Anaimba kila siku, imeingia mu kichwa, haitoke tena."

Nilipiga kelele mpaka mwenye duka la jirani akaja kutazama kama kuna mwizi. Miaka yote tumekaa tunaogopa sharti la bibi, na sharti linamhusu nani? Linamhusu aliyetolewa kwao. Mwanaume hakutolewa popote, atarudishwa wapi? Na zaidi ya hayo, mume akiimba wimbo wa mkewe, ni nani aliyemfundisha kama si mke aliyeko nyumbani?

Nilimvuta Mahamudu mpaka kwake, mchele aliuacha wazi. Nikamweleza Asma. Alifikiri sana, akauma ukucha, akapima jambo lile kama mtu anayepima chumvi.

"Mwenye kuachika anakuja peke yake," alisema mwishowe. "Nani amekwisha kuona mume anasindikiza muke kuachika, naye mume ndiye anaimba? Haiko mubaya, Sidonie. Wanaume waende."

"Wanaume gani?" Mahamudu alirudi nyuma hatua mbili. "Miye mutu muzima, niko na kofia, nisimame kule hopitali niimbe wimbo ya bibi harusi? Watu watasema nini?"

"Watasema unapenda muke wako," Asma alimjibu. "Hiyo ndiyo unaogopa, baada ya watoto saba?"

Mahamudu akarudi dukani kufunika mchele wake. Na Pitchou, ambaye mkewe naye aliimbiwa, hakuhitaji kubembelezwa. Alipanda pikipiki yake mchana uleule kurudi njia ya Wamaza, na kila kijiji aliacha ujumbe mmoja: wanaume waliooa bibi harusi wa Mama Ernestine, kesho asubuhi, hospitali ya Kasongo, na wimbo mdomoni. Wenye simu walipigiana. Mimi kazi yangu ilikuwa kumzuia Mama asiondoke. Nilimdanganya kwamba Pitchou amepasukiwa gurudumu. Alinuna, lakini alikaa.

Siku ya tatu nilimpeleka hospitalini kwa kisingizio kwamba daktari anataka kumpa dawa ya njiani. Tulikaa kibarazani, yeye kwenye mkeka, kikapu chake ubavuni. Mahamudu alikuja wa kwanza. Alikuwa amevaa kanzu ya Idi. Mama alipomwona anakuja peke yake na uso ule mzito, alishika kifua.

"Asma amekufa?"

"Hapana, Mama. Asma iko nyumbani. Naomba usikie tu."

Akaimba. Jamani, Mahamudu hajui kuimba. Sauti yake ni ya mlango wa bati. Lakini maneno yote yalikuwepo, kuku wa mama waliolala, mlango uliofungwa polepole, Asma anayepotea hata sokoni. Mama alimtazama mdomo kama kiziwi. Alipomaliza, Mama alimvuta pindo la kanzu.

"Nani amekufundisha?"

"Ni yeye. Anaimba akifua, anaimba akipika."

"Kila siku?"

"Kila siku, Mama. Miaka kumi na tisa. Mpaka nimechoka."

Mama alianza kucheka, na rovu likampigia filimbi, na akaendelea kucheka hivyohivyo. Lakini Mahamudu alipomwachia nafasi Pitchou, na Pitchou akaimba wa mkewe, na nyuma ya Pitchou nikaona mlango wa hospitali umejaa wanaume, kicheko kilikatika. Walikuwa wengi. Wengine walikuja kwa baiskeli, wengine watatu juu ya pikipiki moja, wenye kofia na wenye rozari shingoni, wakulima wenye matope mpaka magotini. Wake zao walibaki nje ya ua, wamejiziba midomo kwa pindo za vitenge, macho yametoka. Wanaume walipanga mstari kama siku ya kupiga kura. Walikuwa wanaona haya, wanasukumana, na kila mmoja alipofika mbele aliimba kwa sauti aliyopewa na Mungu, yaani sauti mbaya. Nilihesabu mpaka hamsini na mbili nikaacha. Muuguzi alitoka kutunyamazisha, akasikia wimbo wa mama yake mzazi ukiimbwa na baba yake, akarudi ndani kuita wenzake.

Alikuwepo mzee mmoja, Amisi, anayetembea kwa fimbo. Aliimba wimbo mfupi wa msichana aliyekuwa anaogopa vyura. Mama aliukumbuka papo hapo.

"Huyu iko wapi sasa?" aliuliza.

"Amekufa, Mama. Inaenda miaka sita." Mzee alishikilia fimbo yake kwa mikono yote. "Amekufa, lakini hakurudi."

Mama aliinuka kwenye mkeka, akamshika mzee Amisi mkono, akalia mbele ya watu wote. Na mimi nililia, nikajisikia mkubwa, kama vile mimi ndiye niliyezitunga zote.

Daktari Yves alikuwa amesimama mlangoni na saa yake mkononi. Nilijua muda wake unakwisha. Nikamsogelea Mama kumwambia kwamba sasa ameona, sasa akubali. Hakunitazama. Alikuwa anatazama nyuma yangu.

Michel alikuwa anaingia uani akikokota baiskeli, mwekundu kwa vumbi tangu nyusi mpaka viatu. Sikumwita. Sikumwita kwa sababu hasira zangu zote zile hazikunipa ujasiri wa kumwomba mtu wa maneno matatu asimame aimbe. Alikuwa amepiga pedali toka jana. Aliegemeza baiskeli ukutani, akavua kofia, akasimama mbele ya mama yake kama mtu mgeni. Mstari wote wa wanaume ulimpisha.

"Sidonie, mwana wa Kabambare," aliimba.

Sauti yake sikuwahi kuisikia ikiimba, hata kanisani. Ni nzito, inatikisika, ina aibu. Chungu kinachochemka kabla ya moto, aliimba, na wanaume wakaanza kuchekacheka na kunitazama, maana wananijua. Tunakubeba kwa mkono mmoja, aliimba, na hapo amekosea, nikauma ulimi kwa nguvu zote nisimsahihishe. Tusikumwage njiani. Huko uendako wana njaa. Lakini watangoja upoe. Kwa hiyo alikuwa anasikia. Miaka yote kule ng'ambo ya mto, mgongo ule ulikuwa unasikia.

Mama alishika pindo la kitenge chake, penye fundo dogo ambalo nilizoea kuliona na kudhani ni ugoro au dawa. Akalifungua kwa meno. Ndani mlikuwa na kokwa moja ya ngazi, nyeusi, imelainika kwa kushikwashikwa. Miaka ishirini aliitembeza mwilini mwake. Hakuitia katika kopo dogo, kwa kuwa sikumaliza kuimba, na hakuthubutu kuirudisha katika kopo kubwa, kwa kuwa nilikuwa nimeanza. Alikuwa anangoja. Akaidondosha katika kopo kubwa, nikasikia ilivyogonga nyingine.

Kisha akamgeukia daktari. "Koo haiko na kitu tena," alisema. "Vyote viko inje. Sasa unaweza kukata."

Walimpasua mchana uleule. Rovu lilitoka zima, na sauti ilitoka nalo. Nasema kweli, sitapamba. Kilichobaki ni mkwaruzo, kama jani kavu linaloburutwa sakafuni. Siku mbili hakujaribu kusema. Siku ya tatu aliniita kwa kidole, nikainama mpaka sikio langu likagusa midomo yake. Nilingoja anilaumu.

"Michel amekosea," alikwaruza. "Mikono miwili."

Sasa anapumua usiku kucha bila filimbi. Nyimbo bado anazitunga. Huenda kukaa jikoni kwa kina bibi harusi kama zamani, kisha humnong'oneza Malaika wetu, ambaye amefikisha miaka ishirini, na Malaika ndiye anayesimama mlangoni. Kokwa mpya zinaingia katika kopo la pili la maziwa, maana la kwanza halifungiki. Na wanaume wa barabara ile wamepata ugonjwa: wakimwona Mama Ernestine anapita, badala ya kunyamaza kama wake zao, wanaanza kuimba.

Michel naye ameshika tabia hiyo. Asubuhi anapogeuza baiskeli za watu miguu juu pale uani, anaimba wimbo wangu, na kila siku akifika mstari wa tatu anasema mkono mmoja. Nadhani sasa anafanya makusudi. Mimi niko jikoni, nachambua sombe yangu ya mbuzi, mdomo nimeufunga kama inavyotakiwa. Na kutoka kwenye mkeka wake Mama anakusanya pumzi yote aliyo nayo, anakwaruza mpaka kuku wanakimbia:

"Miwili! Mikono miwili!"